Nilitia sahihi fomu ya matokeo, na sasa kaka yangu hanisemeshi

Swali

Mshauri wetu, assalaam aleikum.

Mimi ni mama wa miaka 50, mkazi wa Kisauni, Mombasa, na kazi yangu ni kufundisha watoto wa chekechea. Nakuandikia kwa sababu tangu Agosti 15, 2022, siku ambayo mwenyekiti wa Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka, Wafula Chebukati, alisimama katika ukumbi wa Bomas jijini Nairobi akamtangaza William Ruto kuwa rais mteule, familia yetu imepasuka, nami nimebaki katikati ya ufa.

Kumpenda Raila Odinga kwangu si jambo la jana. Nilimpigia kura mwaka 2007, nikampigia 2013, nikampigia tena Agosti 2017, na siku hiyo nilikwenda kituoni na mwanangu wa kiume, ambaye alikuwa na miaka 19 na ndiyo kwanza anapiga kura maishani mwake. Mahakama ya Juu ilipoyafuta matokeo yale Septemba 1, chini ya Jaji Mkuu David Maraga, nililia kwa furaha nikiwa jikoni. Uchaguzi uliporudiwa Oktoba 26, naye Raila akawa amejiondoa, niliitikia wito wake nikakaa nyumbani, na mwanangu aliyekuwa amekwisha kuvaa viatu nikamwambia avivue. Safari hii nilitaka kufanya zaidi ya kupiga kura, nikaomba niwe wakala wa Azimio la Umoja, muungano wa Raila, katika kituo kimoja cha shule ya msingi, nikakubaliwa.

Agosti 9 tuliingia darasani kabla ya saa kumi na mbili asubuhi. Masanduku yalikuwa matano badala ya sita, kwa sababu siku moja kabla Tume ilikuwa imeahirisha uchaguzi wa gavana wa Mombasa, pamoja na ule wa Kakamega, baada ya karatasi zake za kura kukutwa na makosa. Watu walikuja wachache kuliko nilivyotarajia. Jioni kituo kilipofungwa tulianza na sanduku la rais. Msimamizi alikuwa akitoa karatasi moja moja, anaifunua, anainyanyua ili mawakala wote tuione alama, analitaja jina, kisha anaiweka katika fungu lake. Mimi nilikuwa na daftari mapajani, nachora vijiti vinne na cha tano nakipitisha juu yake, kama ninavyowafundisha watoto wangu kuhesabu. Tulibishana mara moja tu, juu ya karatasi ambayo alama yake iliangukia kwenye mstari kati ya majina mawili. Wakala wa Kenya Kwanza, muungano wa Ruto, aliidai, nami nikaidai, msimamizi akaitazama sana chini ya taa, akaiweka pamoja na zilizokataliwa, nasi sote tukaridhika. Mwisho vijiti vyangu vilipatana na jumla yake. Nilitia sahihi katika fomu ya 34A, ile ya matokeo ya rais ya kituo, mwenzangu akatia yake, nikapewa nakala, nyingine ikabandikwa mlangoni, na picha ya fomu ikatumwa kwa kile kifaa cha kutambua wapigakura. Raila aliongoza katika chumba chetu, lakini si kwa wingi tuliouzoea, na Ruto alipata kura ambazo mtaa wetu mpaka leo hauziamini.

Kaka yangu mkubwa ndiye aliyenilea baada ya baba yetu kufariki nikiwa na miaka 11. Ndiye aliyenisomesha, na siku nilipoolewa ndiye aliyekuwa walii wangu. Siku mbili baada ya matokeo kutangazwa aliniita kwake, nikamkuta na bwana mmoja nisiyemjua, wakaniambia kwamba kesi inaandaliwa na kwamba niape kwa maandishi kuwa nilitolewa nje ya chumba wakati kura zinahesabiwa. Nikasema sikutolewa, nilikuwa ndani mpaka mwisho. Kaka yangu akaniuliza mbele ya mgeni yule: “Basi hizo kura za Ruto hapa Kisauni zimetoka wapi? Sahihi yako ndiyo iliyozihalalisha.” Tangu hapo hapokei simu zangu, na salamu yangu huiitika pale tu watu wengine wanapokuwapo.

La mwanangu ndilo linaloniuma zaidi. Sasa ana miaka 24 na anaendesha tuktuk. Siku ya uchaguzi aliniambia kwa simu kwamba amepiga kura mapema. Niliporudi nyumbani alfajiri, mwili wote umechoka, tuliketi kunywa chai, naye alipochovya hamri kikombeni nikakiona kidole kidogo cha mkono wake wa kushoto: kilikuwa kisafi, hakina hata tone la wino. Nilimuuliza, akasema alikuwa akiisubiri kura ya gavana, kwa kuwa gavana ndiye anayemgusa. Wakati ule nilinyamaza. Lakini matokeo yalipotoka, Ruto kura 7,176,141 na Raila kura 6,942,930, nilichukua simu nikaigawanya ile tofauti ya 233,211 kwa vituo 46,229 vya nchi nzima, nikapata kura tano kwa kila kituo. Mwanangu na wenzake wa maskani, ambao wote hawakwenda, wanazidi watano. Tangu siku hiyo nampakulia chakula, lakini maneno sina naye.

Septemba 13, Ruto alipoapishwa pale Kasarani, niliizima televisheni nikalala mchana, jambo ambalo si kawaida yangu. Wakati mwingine najiuliza kama nilisaidia dhuluma bila kujua. Maulidi ya familia yanakaribia, na mwaka huu yatasomwa nyumbani kwa kaka. Je, niende? Nimwambie kaka anachotaka kusikia, ili udugu urudi? Na mwanangu nimsamehe vipi?

Mama wa Kisauni

Jibu

Wa aleikum salaam, dada yangu.

Nitaanza na sahihi yako, kwa sababu ingawa umesema la mwanao ndilo linalokuuma zaidi, naona sahihi ndiyo inayokulaza macho. Sahihi ile inasema jambo moja: kwamba katika darasa lile, usiku ule, kura zilizotoka sandukuni zilikuwa kadhaa kwa fulani na kadhaa kwa fulani, nawe uliziona kwa macho yako. Haisemi lolote kuhusu vyumba vingine 46,228 ambavyo hukuwamo. Kaka yako ameibebesha sahihi yako matokeo ya nchi nzima, na wewe nawe, unapojiuliza usiku kama ulisaidia dhuluma, unaibebesha mzigo uleule. Wewe ni shahidi wa chumba kimoja, na kwa chumba hicho ulifanya kazi ya wakala kama inavyotakiwa: ulikaa mpaka mwisho, ukahesabu mwenyewe, ukabisha pale palipostahili kubishwa, ukakubali palipostahili. Ile karatasi iliyoangukia mstarini inaniambia mengi kuhusu uaminifu wa chumba kile kuliko hotuba yoyote.

Kwa hiyo jibu la swali lako la pili ni hapana. Usimwambie kaka yako kwamba ulitolewa nje, wala leo, wala kwa mzaha, wala kwa ajili ya Maulidi. Ulichoombwa kukiandika siku ile kilikuwa kiapo cha uongo, na kiapo cha uongo mbele ya mahakama ni kosa la jinai ambalo lingekuangukia wewe mwenye jina lako, si yule bwana usiyemjua. Majaji wa Mahakama ya Juu wenyewe, walipotoa uamuzi wao Septemba 5, walikemea kuletewa viapo visivyo vya kweli. Zaidi ya sheria, wewe na kaka yako mnajua dini yetu inaiweka wapi shahada ya uongo, na naamini kwamba mtu aliyemlea yatima mpaka akamwoza analijua hilo hata kama hasira imemfanya alisahau kwa muda.

Nina sababu nyingine ya kulishikilia jambo hili. Desemba 2007 wewe na mimi tulipiga kura, na matokeo yalipotangazwa Nairobi Desemba 30 hapakuwa na mwananchi yeyote aliyeweza kufungua simu yake akaiona fomu ya kituo chake. Kulikuwa na neno la huyu dhidi ya neno la yule. Tume iliyoongozwa na Jaji Kriegler ilipochunguza baadaye ilisema kwamba kumbukumbu ziliharibika kiasi cha kutowezekana kujua nani hasa alishinda. Kufikia hapo zaidi ya watu 1,100 walikuwa wamekwisha kuuawa na mamia ya maelfu wamehama makwao. Safari hii picha za fomu za 34A ziliwekwa kwenye tovuti ya Tume, kila mtu akazisoma na kuzijumlisha, vyombo vya habari vikajumlisha, na vyama navyo vikajumlisha. Mpango mzima ule unasimama juu ya mawakala kama wewe, walioketi kwenye madawati ya watoto usiku kucha na daftari mapajani. Wakala akikubali kusema hakuona alichokiona, tunarudi kule kule kwa mwaka 2007.

Hata hivyo, tusimdharau kaka yako. Shaka yake haikuzuka hewani. Alasiri ya Agosti 15 makamishna wanne kati ya saba wa Tume, wakiongozwa na naibu mwenyekiti Juliana Cherera, walijitenga na matokeo kabla hata hayajatangazwa, wakasema hawawezi kuyamiliki. Pale Bomas pakawa na vurugu jukwaani, sote tukaona. Mtu aliyekwisha kukatishwa tamaa 2007, akakatishwa tena 2013 na 2017, akiona mambo kama hayo kwa macho yake ana haki ya kuuliza. Na wakuulizwa walikuwapo, kwani kesi ilipelekwa mahakamani ndani ya siku saba zilizowekwa na Katiba, na majaji saba wakaisikiliza na kuiamua ndani ya siku 14. Masanduku ya vituo 15 yalifunguliwa na kura zikahesabiwa upya. Fomu zilizokuwa kwenye tovuti zililinganishwa na zile za karatasi zilizofikishwa Bomas, wala haikuonekana tofauti ya kubadilisha matokeo. Makamishna wale wanne, kwa maelezo ya majaji, hawakuleta waraka wowote wa kuonyesha kwamba hesabu iliharibiwa. Majaji wote saba, Jaji Mkuu Martha Koome akiwa kiongozi wao, wakakubaliana kwamba Ruto alichaguliwa kihalali.

Mimi nimeukubali uamuzi huo, na nakueleza waziwazi ili usidhani najificha nyuma ya maneno ya mahakama. Nimeukubali kwa sababu ile ile iliyotufanya tuukubali ule wa Septemba 2017 ulipotufurahisha. Mahakama ni ile ile, na siwezi kuisifu siku inaponipa ninachokitaka na kuilaani siku inaponinyima. Lakini kuukubali uamuzi si kuufurahia, na kaka yako hana deni la kuufurahia.

Swali lake kwamba kura za Ruto zilitoka wapi hapa Kisauni linastahili jibu, maana nadhani hakuna aliyewahi kumjibu kwa upole. Zilitoka kwa majirani zenu. Dada yangu, wewe unaishi Mombasa, na unajua ni madereva wangapi wa malori, makarani wa forodha, wapakuzi na wenye maghala waliokosa kazi baada ya makontena kulazimishwa kupanda reli ya SGR na kwenda kutolewa Nairobi. Unawajua kwa sababu watoto wao ndio waliokuwa wakichelewa kulipa ada katika chekechea kama yako. Ruto aliahidi kwamba shughuli hizo zitarudi katika bandari ya Mombasa, na jambo la namna hiyo likisemwa kwa mtu aliyeuza gari lake ili alishe wanawe, halisahauliki anapofika debeni. Ongeza kwamba aliyekuwa gavana wa Kilifi, Amason Kingi, alihamia Kenya Kwanza na chama chake cha PAA. Ongeza pia kwamba tangu Raila na Rais Uhuru Kenyatta washikane mikono Machi 9, 2018, wengi walimwona Raila kama mtu wa serikalini, kwa hiyo bei ya unga ikipanda lawama ilimfikia yeye vilevile. Miaka ya nyuma Baba, yaani Raila, alikuwa mpinzani na Pwani ikampa hasira yake yote. Mwaka huu sehemu ya hasira hiyo ilikwenda upande wa pili. Hakuna aliyehitaji kuingia darasani kwenu na gunia la kura.

Sasa mwanao. Hesabu yako ya kura tano ni sahihi, na sitakuficha kwamba iko hesabu nyingine kali zaidi. Katiba inamtaka mshindi apate zaidi ya nusu ya kura zote halali. Ruto alipata asilimia 50.49. Wapigakura 139,255 zaidi wangejitokeza na wasimpigie yeye, asingevuka nusu, nasi tungekwenda duru ya pili, na idadi hiyo ukiigawanya kwa vituo vyote unapata watu watatu kwa kila kituo. Najua maneno haya yanachoma. Nimeyaandika kwa sababu ungeweza kuipata hesabu hii mwenyewe usiku mmoja ukiwa peke yako, nami napenda uipate ukiwa na mtu wa kuzungumza naye.

Lakini tazama upande wa pili wa hesabu hiyo. Waliojiandikisha nchini walikuwa zaidi ya milioni 22, na zaidi ya milioni saba na nusu kati yao hawakupiga kura. Mombasa ilikuwa miongoni mwa kaunti ambako watu walijitokeza kwa uchache zaidi, na kuahirishwa kwa kura ya gavana siku moja tu kabla hakukusaidia. Katika mamilioni hayo kijana wako ni mmoja, na hakuna ajuaye kama wenzake wa maskani wangempigia Raila au wangempigia Ruto aliyewaita wao mahasla, yaani watu wa kuhangaikia riziki. Umeitwika nyumba yako jambo lililotokea nchi nzima, kisha ukamtafuta mmoja wa kulilipia, na ukampata yule anayekula mezani kwako.

Hapa naomba uniwie radhi, kwa kuwa nitakurudisha kwenye barua yako mwenyewe. Kura ya kwanza ya mwanao, aliyoipiga akiwa na miaka 19 huku umemshika mkono, ilifutwa wiki tatu baadaye. Wewe ulilia kwa furaha, na ulikuwa na sababu, maana ulikuwa umesubiri haki tangu 2007. Yeye hakuwa amesubiri chochote. Alichojifunza ni kwamba kura yake ya kwanza haikuhesabika. Miezi miwili haijatimia akavaa viatu kwenda kupiga ya pili, ukamwambia avivue. Baada ya hapo ikapita miaka mitano, na safari ya tatu ilipofika, ile kura moja aliyoijali, ya gavana, ikaahirishwa siku moja kabla, ikapangiwa Agosti 23, ikasogezwa tena, hatimaye ikapigwa Agosti 29. Kwa maisha yake yote ya utu uzima kijana huyu hajaona kura ikitoka mkononi mwake ikafika mahali. Simtetei, kwa sababu kutokwenda lilikuwa kosa, na kukudanganya kwa simu wewe uliyekuwa kazini kwa ajili ya kura hizo ni kosa kubwa zaidi, nawe una haki ya kumwambia hivyo. Ila mambo haya mawili yatenganishe. Uongo ni kati yako na yeye, na unaweza kumdai aombe msamaha leo. Kutopiga kura kuna chanzo chake, na sehemu ya chanzo hicho, bila kukusudia, ilikuwa mlangoni kwako Oktoba 26, 2017.

Ningependa uzungumze naye juu ya siku ile ya viatu. Mweleze kwa nini ulimzuia, ulikuwa unaamini nini, na kama leo bado unaamini ilikuwa sawa au huamini tena. Mimi wakati ule nilikaa nyumbani kama wewe, na nimekwisha kubadili mawazo, lakini wewe una haki ya kubaki na yako. Kisha muulize kama alipiga kura ya gavana Agosti 29, jambo ambalo hukulitaja katika barua na nashuku hukumuuliza, kwa kuwa siku hiyo ulikuwa umekwisha kunyamaza. Ikiwa alikwenda, basi alikuambia kweli alipokujibu juu ya chai, na hilo unapaswa kulijua. Ikiwa hakwenda, mtakuwa na mazungumzo marefu zaidi, lakini yatakuwa mazungumzo. Mama aliyewafundisha watoto wadogo maisha yake yote anajua kwamba mtoto anayenunuliwa chakula na kunyimwa maneno hajifunzi kosa lake, hujifunza kukaa mbali.

Kuhusu majonzi yako, sina haraka nayo. Mara nne umetoka asubuhi na mapema kumpigia mtu mmoja, na mara zote umeona mwingine akiapishwa. Kulala mchana Septemba 13 si ugonjwa, ni msiba, na msiba wa siasa hatuna desturi ya kuuandalia tanga, kwa hiyo kila mtu hujifungia nao chumbani. Kaka yako naye amejifungia na wake, ila yeye wa kwake unatoka kwa sauti ya lawama. Jihadhari na kitu kimoja tu. Ukiwa na huzuni, wizi huwa faraja, kwa kuwa ni rahisi kusema tumeibiwa kuliko kusema majirani zetu walitaka jambo jingine. Unaweza kuhuzunika kwa dhati kwamba mtu wako hakushinda bila ya kuhitaji mwizi, na bila ya kujifanya wewe mwenyewe kuwa ndiye mwizi huyo.

Nenda kwenye Maulidi, dada yangu. Nenda siku moja kabla kama mlivyozoea, usaidie kupika, na mchukue mwanao awe nawe, maana mjomba wake atapenda kumwona hata kama wewe hataki kukutazama. Watu wakitawanyika, mwombe kaka yako nafasi ya dakika chache, mkiwa wawili, bila wageni. Mwonyeshe nakala yako ya 34A na lile daftari la vijiti, kama bado unalo, kisha fungueni picha ya fomu hiyohiyo kwenye tovuti ya Tume mtazame kama tarakimu zinalingana. Usimtake akubali matokeo ya nchi. Mwambie: “Kaka, hiki ndicho nilichokiona mimi. Nisivyoviona sikuvitilia sahihi.” Akitaka kubisha juu ya Bomas na makamishna wanne, mwache abishe, msikilize mpaka amalize, kwa kuwa juu ya hayo wewe si shahidi wala yeye si shahidi. Na akikaa kimya, kaa naye kimya. Huyu ndiye aliyekuwa walii wako, na haitakuwa mara ya kwanza kukaa pamoja mkiwa na msiba.

Karatasi yenyewe iache mkobani mpaka Maulidi yamalizike kusomwa na watu wawe wamekwisha kula.